Mkono wa Stelingi na Nchi ya Dhahabu

Kuna chuma kimoja kwenye gari la kazi ambacho abiria hakioni na dereva hakitaji mpaka siku kikikatika: mkono wa stelingi. Hufungwa kwa stadi na nati kwenye ncha ya ekseli ya mbele, ndani ya gurudumu. Ukizungusha usukani, fimbo inayotoka kwenye stelingi boksi huusukuma mkono, nao hugeuza gurudumu. Mimi ni fundi wa Kahama, nimezeekea chini ya magari. Naona historia ya ukanda huu, toka Shinyanga hadi Geita, inasomeka kwa swali moja: mkono ukiharibika, mwingine ulipatikana wapi?

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Ukiiacha reli, unaingia mbugani, na masika udongo mweusi humeza gurudumu hadi kitovu. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa wingi miaka ya 1930, kisha mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui. Katika enzi zilizofuata, za Bedford na Land Rover, fundi hakuchagua mkono. Alitafuta namba kwenye kitabu cha spea, akaagiza, akasubiri.

Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na katikati yake vikaja Vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikawa adimu, na spea zikafuata njia hiyo hiyo. Hapo ndipo tulipojifunza kazi. Mkono ulifunguliwa kwenye gari lililokufa ukafungwa kwenye lililo hai, lakini haukufungwa kabla ya kuhojiwa. Tuliuosha kwa mafuta ya taa, tukaufuta ukakauka, tukaupaka unga wa chaki. Kama una ufa, mafuta yaliyojificha ndani huchora mstari juu ya chaki. Wenye haraka walichomelea ufa wakaendelea na safari. Mzee aliyenifundisha alikataa kabisa: moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pembeni ya kovu, na hapo ndipo kitakatika tena, mara nyingi gari likiwa na mzigo.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Taratibu maduka yakajaa, mzigo mwingi ukipitia Dubai. Dhahabu nayo ikarudi. Wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu hadi walipoondolewa mwaka 1996. Mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini wateja wangu ni wale wa Nyarugusu na Rwamgasa, wanaobeba mawe kutoka maduarani, yaani mashimo ya wachimbaji, kwenda kwenye makarasha ya kusaga mawe, mahali ambapo barabara ni jina tu.

Magari hayo huinuliwa springi ili tumbo lisiguse mawe. Ukiinua gari ukaacha mkono wa zamani, fimbo ya stelingi hulala mshazari mkali, na kila shimo hunyang'anya usukani. Dawa ni mkono ulioinuka zaidi, unaokaa juu ya kichwa cha ekseli na kuirudisha fimbo karibu na usawa. Na pembe yake si urembo: tangu hataza ya Rudolph Ackermann ya mwaka 1818 huko Uingereza, mikono huinamishwa ili kwenye kona gurudumu la ndani likunje zaidi ya la nje. Ukikosea pembe, tairi zinakwanguka kabla ya mwaka.

Leo dukani mikono ipo ya kila bei, na karibu yote imeandikwa orijino. Tofauti kubwa ni kati ya uliofuliwa na uliosubiwa. Katika nchi hii kufua chuma ni kazi ya kale: Walongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukumani kabla gari halijajulikana, na jembe la kufua hupinda kabla ya kuvunjika. Mkono uliofuliwa una mstari mpana ubavuni, palipokatwa ziada ya nyundo. Uliosubiwa una mstari mwembamba. Ugonge: wa kwanza hulia kama kengele, wa pili mara nyingi hutoa sauti butu.

Kijana akiniuliza, "Shikamoo mzee, nichukue upi?" simtajii nchi ulikotoka. Namwambia atazame mstari, augonge, apachike boli jointi aone kama koni yake inajaa tundu bila kucheza, kisha aulize bei. Wakati wa uhaba, ukaguzi huo ulikuwa kazi ya fundi, maana hapakuwa na cha kuchagua. Soko huria limeleta mikono mingi, na ukaguzi limemwachia mnunuzi.