Tauni ya Lushoto na Ushahidi wa Maabara

Tauni ilipozuka Lushoto mwaka 1980 na kuzisumbua familia za Usambara kwa zaidi ya miaka 20, mtoki pekee haukutosha kuithibitisha, maana maradhi mengine pia huvimbisha tezi. Historia yake inahitaji maabara. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, ana kimeng'enya cha beta-galaktosidesi. Kikikutana na kemikali iliyoundwa kwa mfano wa sukari ya maziwa, huipasua na maji hugeuka manjano.

Atakayepinga atasema Yersinia pseudotuberculosis, nduguye wa karibu, hutoa rangi ileile. Ni kweli, ndiyo maana hupimwa pia urea: nduguye huivunja, wa tauni haivunji. Pingamizi hilo haliangushi maabara. Linadai ushahidi uunganishwe, pamoja na viroboto, panya na kumbukumbu za Wasambaa.