Neno Vedette na Alama Moja

Mwaka 1984 nilikuwa nikifundisha Kifaransa katika chuo kimoja cha ualimu. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo maneno mapya niliyaandika ubaoni kwa mafungu, na wanachuo wakayanakili madaftarini mwao: fungu la sokoni, fungu la nyumbani, fungu la safari, na fungu moja lililopendwa kuliko yote, la watu mashuhuri. Humo mlikuwa na waimbaji, wachezaji wa sinema na wanamichezo. Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliwataka watunge sentensi kwa maneno hayo, na mwanachuo mmoja akaandika: Johnny Hallyday est une vedette, yaani, Johnny Hallyday ni mtu mashuhuri. Nikashika kalamu nyekundu, nikakata une, nikaandika un juu yake, na alama nikamnyima. Alipokuja kuniuliza sababu, nilimjibu mbele ya wenzake kwamba Johnny Hallyday ni mwanamume, je, hakupata kuona picha yake? Darasa zima likacheka.

Alama ile moja ilitosha kumshusha chini ya kiwango tulichowawekea wale watakaoendelea na Kifaransa kama somo la kufundishia. Akahamishiwa Jiografia. Hakulalamika tena, na mimi sikulifikiria tena jambo hilo kwa miaka thelathini na saba.

Lililonirudisha huko ni redio. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimwingiza Josephine Baker katika Panthéon, jengo la Paris wanamowaenzi watu wao wakuu, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mtangazaji alimwita vedette, kisha katika sentensi iliyofuata akaeleza jinsi alivyofanya kazi ya upelelezi wakati wa vita. Nilikumbuka kwa mbali kwamba vedette lina maana nyingine ya kijeshi. Nikaitoa kamusi yangu kubwa ya Kifaransa juu ya kabati, nikaipangusa vumbi, nikatafuta. Pale pale, kabla hata ya maana ya kwanza, paliandikwa kifupisho kinachoonyesha kuwa neno hilo ni nomino ya kike. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta umbo lake la kiume, nisilione. Kijana wangu alikuwa sahihi, nami mwalimu wake ndiye niliyekosea.

Historia ya neno lenyewe inaeleza kila kitu, na laiti ningaliijua siku ile. Wafaransa walilipokea kutoka kwa Waitaliano katika karne ya 16. Kwa Waitaliano vedetta ni mlinzi awekwaye mahali pa juu ili atazame mbali, na kwa Wafaransa likawa jina la askari wa farasi anayetangulizwa mbele ya jeshi kuangalia adui. Askari huyo alikuwa mwanamume daima, lakini jina lake lilibaki la kike, kama lilivyo hata leo sentinelle, mlinzi wa zamu. Kwa kuwa vedette alisimama peke yake, mbele, wachapaji wakaliazima neno hilo: jina lililowekwa kwenye mstari wake peke yake, kwa herufi kubwa, lilisemwa kuwa liko en vedette. Kutoka kwa wachapaji likaingia katika matangazo ya michezo ya kuigiza. Aliyeandikwa juu kwa herufi kubwa kuliko wenzake alikuwa en vedette, na mwishowe yeye mwenyewe akaitwa vedette. Umaarufu wenyewe, basi, ulianza kama suala la ukubwa wa herufi ukutani.

Neno hilo likachukuliwa na mabaharia pia, wakaita hivyo chombo kidogo chenye mbio kitumikacho kwa doria. Hata leo mtalii akifika Paris na kutaka kutembezwa mtoni Seine huenda akapanda vedette. Mwanafunzi aliyejifunza fungu la watu mashuhuri tu, bila fungu la safari, atashangaa kuambiwa kwamba vedette inaondoka saa nne na inachukua abiria mia.

Kiswahili chetu hapa kina njia yake. Nyota ya mbinguni twasema nyota hii inang'aa, lakini nyota wa mpira twasema nyota huyu amefunga bao. Uhai wa mtu huvuta upatanisho wa sentensi kuelekea kwake. Mfaransa hafanyi hivyo. Kwake neno ndilo lenye jinsia, si mtu, na vedette hubaki wa kike hata akiwa na ndevu mpaka kifuani. Mimi nilisahihisha Kifaransa kwa akili ya Kiswahili, tena kwa majivuno.

Narudi kwa Josephine Baker, kwa sababu sijui mtu mwingine aliyelijaza neno hili kwa maana zake zote mbili kama yeye. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, katika umaskini mkubwa. Mwaka 1925 alivuka bahari kwenda Paris na kundi la wachezaji weusi, na baada ya muda mfupi jina lake likawa juu ya matangazo. Alijifunza Kifaransa akiwa mtu mzima, akaimba kwa lugha hiyo, na mwaka 1937 akawa raia wa Ufaransa. Vita vilipoanza mwaka 1939, idara ya upelelezi ya jeshi ilimwomba msaada. Ufaransa ilipokwisha kutekwa, alisafiri kwenda Lisbon akiongozana na afisa wa upelelezi aliyejifanya katibu wake, na habari za siri zikiwa zimeandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki. Yasimuliwa kwamba walinzi wa mipakani walikuwa na hamu zaidi ya kupata saini yake kuliko kukagua mizigo yake. Nani angemshuku? Macho ya watu wote yalikuwa juu yake, naye ndiye aliyekuwa akitazama. Katika jeneza lililopelekwa Panthéon waliweka udongo wa mahali pane alipopata kuishi: St. Louis, Paris, Milandes na Monaco. Mwili wenyewe ulibaki Monaco.

Tangu jioni ile nimeyapitia upya mafungu yangu mawili, moja baada ya jingine. Célébrité, umaarufu, latokana na Kilatini, ambako lilihusu mahali au siku yenye kujaa watu. Sisi walimu tunamjua Jean-Jacques Rousseau kwa kitabu chake Émile cha mwaka 1762, maana hakuna chuo cha ualimu kisichomtaja. Tunasahau kwamba kitabu hicho hicho kiliamriwa kichomwe, naye akatakiwa akamatwe, akakimbilia Uswisi. Mwaka 1765 nyumba yake huko ilipigwa mawe. Alipopita Paris mwishoni mwa mwaka huo watu walimiminika kumwona, na mwanzoni mwa 1766 alivuka kwenda Uingereza. Yeye mwenyewe umaarufu huo ulimtesa. Umati unaokuja kukutazama na umati unaokuja kukupiga mawe, neno la Kilatini halikuutenganisha.

Voyage, safari, asili yake ni viaticum, yaani masurufu: chakula na fedha za njiani. Jina la kilichofungwa ndani ya mkoba likawa jina la mwendo wenyewe. Touriste ni neno la Kiingereza lililotokana na tour la Kifaransa, likarudi nyumbani likiwa limevaa nguo za kigeni, na mwandishi Stendhal alisaidia kulisambaza kwa kitabu chake cha mwaka 1838. Hôtel na hôpital ni ndugu wa tumbo moja. Ile alama kama kofia juu ya herufi o huonyesha mahali ilipodondoka s, ambayo sisi tungali nayo katika hospitali. Msafiri mchovu asidanganyike na jina la Hôtel-Dieu, kando ya kanisa la Notre-Dame. Hiyo ni hospitali, miongoni mwa zile kongwe kabisa za Paris.

Na sisi nao tumewapa neno. Safari, tulilolipata kwa Waarabu, lilifika kwa Wafaransa kupitia Kiingereza, lakini njiani lilipungua. Kwao safari ni kwenda kuwinda au kutazama wanyama wa Afrika, basi. Mtu anayepanda basi kwenda Morogoro kumwangalia shangazi yake mgonjwa, kwa Kifaransa hayuko safarini. Nikiwa kazini nilikuwa nikiliruka neno hilo, nikidhani halina la kufundisha. Sasa ningelianzia somo.

Ilinichukua miezi kumtafuta mwanachuo yule. Alifundisha Jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini, akapata kuwa mwalimu mkuu, akastaafu. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, nikamweleza habari za askari wa farasi, za wachapaji na za kamusi, na mwishoni nikamwomba radhi. Nilitia ndani na karatasi yenye sentensi yake ya mwaka 1984, imeandikwa upya kwa mkono wangu, na alama ya vema pembeni.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Alinishukuru kwa heshima, akaniulizia hali ya mama watoto na ya miguu yangu. Kuhusu mtihani alisema kwamba jibu lake alikuwa amelitoa katika kipande cha gazeti la Kifaransa, akakibeba mfukoni siku ile alipokuja kuniuliza. Wenzake walipocheka, hakukitoa.