Mjamzito Nje ya Jaribio: Chanjo ya Ebola na Mipaka ya Tahadhari

Kumtoa mjamzito katika majaribio ya chanjo na dawa za magonjwa ya kuambukiza hakumwepushi na hatari. Hatari inahama tu. Inatoka kwenye utafiti, ambako kuna daktari wa kumfuatilia na kamati ya maadili ya kuhoji, inaingia wodini, ambako atatibiwa kwa kubahatisha. Ebola ya Kongo inalidhihirisha hilo kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoujua.

Yambuku, mwaka 1976, wauguzi wa hospitali ya misheni walipewa kila asubuhi mabomba matano ya sindano kwa wagonjwa wote, wakiwamo wa kliniki ya wajawazito. Wakishamchoma mmoja, walisuuza bomba kwa maji ya vuguvugu, wakamchoma anayefuata. Virusi vikapita humo humo. Wajawazito 82 waliugua, 73 wakafa. Kikwit, mwaka 1995, kati ya wajawazito 15 walioelezwa na watafiti, 14 walikufa. Kwa hiyo mlipuko ulipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, hakuna mtaalamu aliyekuwa hajui Ebola inamfanya nini mwenye mimba.

Hata hivyo, chanjo ya rVSV-ZEBOV, iliyokwisha kuonyesha nguvu yake Guinea mwaka 2015, haikumfikia. Utaratibu ulikuwa kuwachanja waliomkaribia mgonjwa, kisha waliowakaribia hao. Katika nyumba moja wifi angechanjwa, shemeji na jirani pia. Mke mwenye mimba, aliyemnywesha mgonjwa uji na kufua mashuka yake, angeachwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba chanjo hiyo ina virusi hai na ushahidi wa usalama wake katika ujauzito haukutosha. Lakini haukutosha kwa kuwa Guinea nako wajawazito walikuwa wametolewa. Anakataliwa kwa kukosa ushahidi, na ushahidi unakosekana kwa sababu anakataliwa. Ruth Faden wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake wa kundi la PREVENT walitaka mzigo huu ugeuzwe: mjamzito ahesabiwe kuwa ndani tangu mwanzo, na anayetaka kumtoa ndiye atoe sababu. Naungana nao.

Wanaopinga hutaja dawa ya thalidomaidi, na wana haki ya kuitaja. Maelfu ya watoto walizaliwa na viungo pungufu kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ila dawa ile ilimezwa na wajawazito majumbani kabla usalama wake katika ujauzito haujachunguzwa ipasavyo. Kisa hicho kinatudai uchunguzi zaidi, tena wa mapema.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Mimba huharibika hata pasipo chanjo. Ikiharibika siku chache baada ya sindano, mtaa mzima utailaumu chanjo, na katika eneo kama Beni huko Kivu Kaskazini, lenye vita na watu wasioiamini serikali, uvumi mmoja unaweza kuwafukuza wachanjaji. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tiba yake ni kuwa na kundi la kulinganishia na kuzungumza na familia kwa uwazi kabla ya sindano. Wapo watakaochanjwa bila kujua kuwa wana mimba, na pasipo utafiti hatutajua yaliyowapata.

Tena, katika mlipuko huo huo wa Kivu, kuanzia Novemba 2018, liliendeshwa jaribio la dawa lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Humo wajawazito walipokewa, hata watoto wachanga. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema kwa habari njema: waliokufa kati ya waliopewa dawa ya mAb114 walikuwa asilimia 35.1, na REGN-EB3 asilimia 33.5, ilhali kwa ZMapp walifikia asilimia 49.7. Basi mwanamke yule yule aliyenyimwa chanjo akiwa mzima aliruhusiwa dawa ya majaribio akishaugua. Watasema mgonjwa ana machache ya kupoteza kuliko mzima. Ni kweli, lakini aliyelala chumba kimoja na mgonjwa wa Ebola si mzima wa kawaida. Kifo kiko mlangoni pake.

Katikati ya mwaka 2019 mlango wa chanjo ulifunguliwa kwa wanaonyonyesha na kwa wenye mimba iliyopita miezi mitatu ya mwanzo. Walio ndani ya miezi hiyo wakabaki nje, katika vijiji ambako kipimo cha picha cha kujua umri wa mimba ni nadra. Baadaye Rwanda ikaendesha jaribio la INGABO la chanjo nyingine ya Ebola, mahususi kwa wajawazito, ambamo kundi la kulinganishia lilichanjwa baada ya kujifungua. Kumbe inawezekana.

Linalohitajika sasa lifanyike wakati hakuna mlipuko. Majaribio ya chanjo kwa wanyama wenye mimba yakamilishwe mapema, na mpango wa utafiti unaowataja wajawazito upitishwe na kamati za maadili za Kinshasa, Kampala na Dodoma kabla mgonjwa wa kwanza hajapatikana. Kamati itakayopokea mpango usiowataja iurudishe kwa watafiti.