HISTORIA YA UFUNDI WA VYOMBO VYA NYUMBANI KATIKA KARATU NA NGORONGORO

Mtu atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara, ndipo huingia katika nyanda za Karatu. Katika nchi hii isiyo kubwa hukutana lugha za asili nne mbalimbali. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga na Kimaasai ni za Kiniloti. Kihadzabe, lugha yenye vidoko isemwayo kando ya Ziwa Eyasi, wataalamu wengi huihesabu kuwa haina ndugu anayejulikana. Kiswahili, lugha ya Kibantu, kilifika baadaye kwa njia ya biashara, serikali, shule na mashamba. Habari zilizokwisha kuandikwa juu ya nchi hii zahusu zaidi wanyama wa pori, ardhi na mifugo. Fundi atengenezaye taa, redio na pasi hutajwa kwa nadra. Lakini kazi yake ina historia, na historia hiyo ni sehemu ya historia ya Kiswahili chenyewe.

Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kutengeneza vyombo vilivyoharibika si desturi iliyozaliwa na umaskini wa siku za karibuni, bali ni ufundi wenye kanuni zake. La pili ni kwamba kanuni hizo zimekaa katika Kiswahili cha mdomo cha mafundi, na kamusi zimezipokea kwa sehemu tu.

Wahunzi

Kabla ya vyombo vya kiwandani kufika, chuma katika nchi hii kilikuwa mikononi mwa wahunzi. Miongoni mwa Wamaasai wahunzi huitwa il-kunono, na miongoni mwa Wadatoga ni watu wa ukoo wa Gidang'odiga. Makundi yote mawili yalitengwa na jirani zao katika mambo ya ndoa, ingawa mikuki na visu vya jirani hao vilitoka kwao. Wahunzi wa Kidatoga wa pande za Eyasi wangali wakifanya kazi hadi leo. Hupuliza moto kwa mivukuto ya ngozi, huyeyusha kufuli mbovu, koki za maji na vipande vya sufuria, na humimina shaba au aluminiamu ili kupata bangili. Misumari huifua ikawa vyembe vya mishale. Wahadzabe hupata vyembe kwao kwa kubadilishana asali na nyama. Tena wao wenyewe huponda misumari bila moto mpaka ipate makali.

Isidhaniwe kwamba fundi wa redio ni mjukuu wa mhunzi wa Kidatoga. Ufundi wa redio ulikuja kwa njia nyingine, kama itakavyoonekana hapa chini. Linalowaunganisha ni kanuni moja, kwamba chombo kilichoharibika bado ni mali. Mhunzi aliyeshika kufuli mbovu hukadiria bangili ngapi zitatoka, kama fundi wa leo aliyeshika redio mbovu anavyokadiria ni viungo gani ndani yake vingali vizima.

Mashamba na karakana

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro. Vita ilikomesha ukaaji huo. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, baadhi yao walikwenda Oldeani, chini ya mlima wa jina hilo, wakapanda kahawa. Mwaka 1939 vita nyingine ilipozuka walitiwa kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui. Baadaye Wairaqw, waliokuwa wakienea kutoka Mbulu kuelekea kaskazini, walilima ngano katika Karatu kwa trekta. Utafiti wa Philip Raikes, uliokamilika mwaka 1975, waeleza kwa kirefu jinsi kilimo hicho kilivyokua.

Shamba lenye trekta, pampu na kinu hapana budi liwe na mahali pa kutengenezea, na mahali hapo hapana budi pawe na lugha moja. Kijana wa Kiiraqw, dereva aliyetoka Uchagani na mwenye duka wa Kihindi hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana kuhusu nati iliyolegea isipokuwa Kiswahili. Kwa hiyo maneno ya kazi yenyewe yaeleza njia iliyopita. Nyundo, kufua na fuawe ni ya Kibantu, urithi wa mhunzi wa kale. Lehemu na kandili yatoka Kiarabu. Karakana na cherehani yana asili ya Kiajemi. Parafujo ni Kireno, debe ni Kihindi, na spana, waya, fyuzi na betri ni Kiingereza. Hakuna hata moja lililoundwa Karatu. Yote yalipanda ukuta wa Bonde la Ufa yakiwa Kiswahili tayari. Mwaka 2009 Maarten Mous na Martha Qorro walichapisha uchunguzi wa maneno ya mkopo katika Kiiraqw, na humo Kiswahili chaonekana wazi kuwa mlango ambao majina ya vitu vya kisasa yameupitia.

Taa ya karabai

Hata hivyo, kazi ya kwanza ya utengenezaji haikufanywa karakana. Ilifanywa nyumbani na mwenye chombo. Mfano mzuri ni karabai, taa ya mafuta yanayosukumwa kwa upepo wa pampu, ambayo kabla ya umeme iliangaza maduka, makanisa na sherehe za arusi.

Karabai inapowaka hafifu, sababu zaweza kuwa tatu, na mwenye kujua huziendea kwa taratibu. Kwanza huvuta pampu. Ikiwa yaenda bila uzito wowote, kipande cha ngozi kilicho ndani yake kimekauka. Hutolewa, hupakwa mafuta mpaka kilainike na kurudia umbo lake. Ikiwa pampu ni nzito lakini upepo haukai, basi wavuja. Hapo hupakwa povu la sabuni kwenye maungio, na mahali panapotoa mapovu ndipo penye ufa. Ikiwa upepo wakaa na mwanga bado ni hafifu, tundu dogo la kutolea mafuta limeziba kwa masizi, nalo huzibuliwa kwa sindano nyembamba. Taratibu hiyohiyo ilitumika kwa jiko la stovu, ambalo mama wa nyumba alilizibua mwenyewe mara nyingi kuliko alivyolipeleka kwa fundi.

Katika kazi hii ndogo kuna misingi yote ya ufundi: kuanza na jambo jepesi kabla ya zito, kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja, na kutofungua sehemu ambayo haijashukiwa. Waswahili husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi huongeza kwamba asiyejua ufa uko wapi atabomoa ukuta mzima kuutafuta.

Redio na miaka ya uhaba

Transista iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na miaka saba baadaye redio ndogo za transista zikaanza kuuzwa. Redio hizo hazikuhitaji umeme wa nguzo, na kwa hiyo zilifaa sana nchi kama Karatu. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilianzishwa Dar es Salaam, ikatengeneza betri na redio. Tangu hapo redio ikawa chombo cha umma zaidi ya kuwa pambo la nyumba. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya afya kutoka Radio Tanzania. Redio ya kikundi ilipokufa, somo la juma hilo lilikufa pamoja nayo. Fundi aliyeifufua alikuwa, kwa namna yake, mtumishi wa elimu.

Kisha ikaja miaka ya shida. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, nao haukufunguliwa ila Novemba 1983. Arusha na nchi zilizo nyuma yake, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikitazama Nairobi kwa bidhaa na kwa watalii, zilikatwa. Vita ya Kagera ya miaka ya 1978 na 1979 ilizidisha upungufu wa fedha za kigeni, na mpaka serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, kipuri kipya kilikuwa kitu cha kuota. Katika miaka hiyo redio mbili mbovu zilitoa moja nzima. Betri zilizochoka zilianikwa juani, kwa kuwa joto huharakisha kwa muda kazi ya kemikali iliyobaki ndani yake. Kutu ya kijani kwenye vyuma vya kushikia betri ilikwanguliwa kwa msasa. Viatu vya katambuga vilikatwa katika matairi yaliyokwisha. Huko Kenya kazi za namna hii zilipata jina moja maarufu, jua kali. Tanzania ziliendelea kuitwa ufundi tu, na labda jina hilo la kawaida ndilo lililozificha machoni pa watafiti.

Lugha ya kupima

Jina hilo la kawaida lastahili kutazamwa. Fundi ana undugu na kufunda na kufundisha. Ni mtu aliyefunzwa, awe mshonaji, mwashi au mrekebishaji wa saa. Kitenzi chake kikuu, kutengeneza, hutokana na kutengenea, yaani kuwa katika hali iliyo sawa. Kwa sababu hiyo neno moja latosha kwa kuunda kitu kipya na kwa kurejesha kilichoharibika. Yule asemaye ametengeneza jiko aweza kuwa amelikata katika debe leo, au amelitia kitako kipya. Lugha haikuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, wala mhunzi wa Eyasi hakuiona.

Lililo tajiri zaidi ni maneno ya kutaja kasoro, na mengi yake ni ya mwili wenye uhai. Chombo hufa, hugoma, huchoka, huzimia, gari huumwa. Fundi hupima, kama mganga apimavyo mgonjwa. Maneno hayo si mapambo. Redio iliyokufa haitoi hata mkwaruzo, na fundi huanza na betri na swichi. Iliyochoka yasema kwa sauti ndogo, na hapo nguvu ndiyo iliyopungua. Pasi iliyogoma yaweza kuwaka ikitikiswa. Pasi iliyoungua haitawaka kamwe mpaka ibadilishwe kiungo. Kwa pasi iliyogoma, fundi huitoa kwanza kwenye umeme, hutazama fyuzi, kisha hukunja waya mahali unapoingia kwenye mpini, kwa kuwa hapo nyuzi za ndani hukatika huku ganda la nje likibaki zima. Hupitisha umeme wa betri ndogo na kioo cha tochi. Kioo kikiwaka, umeme wapita, na waya hauna lawama. Ndipo hufungua pasi yenyewe.

Vitabu vya shule vina mkondo, saketi na ukinzani, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilifanya kazi kubwa ya kuyapanga maneno ya namna hiyo. Lakini fundi asemaye kwamba umeme haupiti amesema jambo hilohilo, na mwenye pasi amemwelewa. Tangu kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 mpaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, watunzi wa kamusi waliandika majina ya zana vizuri kuliko vitenzi vya kazi. Atafutaye bisibisi ataipata. Atafutaye tofauti ya kufa, kugoma na kuungua kwa chombo hataipata kwa urahisi.

Hali ya leo

Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na umeme umeenea katika vijiji vingi. Katika maboma ya Wamaasai wa Ngorongoro paneli ndogo za jua huchaji simu na taa. Vyombo vimezidi, lakini vingi vimefungwa kwa gundi badala ya parafujo, na maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Betri iliyobanwa ndani ya taa ya jua haianikwi juani, na mama wa nyumba aliyelizibua jiko lake kwa sindano hana mahali pa kuchomeka sindano hiyo. Jambo hili si la Karatu pekee. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya vyombo vya nyumbani kuvirekebisha hata baada ya muda wa dhamana. Huko haki ya kutengeneza imeanza kudaiwa kwa sheria. Huku imekuwako kwa desturi, na desturi isiyoandikwa hupotea kimya.

Kwa sababu hii kazi iliyo mbele ya wachunguzi wa lugha ni ya haraka kuliko inavyoonekana. Yafaa maneno ya mafundi wa Karatu, Mang'ola, Oldeani na Ngorongoro yakusanywe wakiwa kazini, kwa mpangilio wa kupima na si kwa mpangilio wa alfabeti peke yake: nini hushukiwa kwanza, nini hufuata, na kwa kitenzi gani. Yafaa pia vitenzi vya wahunzi wa Kidatoga viandikwe kando ya vile vya Kiswahili, maana wao ndio walio wachache. Mafundi wengi waliojifunza kazi katika miaka ya uhaba sasa ni wazee. Wanagenzi wao wajua kubadilisha kioo cha simu, lakini si wote wajuao kwa nini mzee hupaka povu la sabuni kabla ya kushika spana.