Kitanzi Kilekile: Ufumaji Mwepesi na Mikono ya Wazee

Ukitaja kufuma kwa sindano mbili, wengi huwaza bibi aliyekaa dirishani, miwani puani, akihangaika na skafu ambayo hakuna aliyeiomba. Kwa sababu hiyo kazi nyepesi anazopewa mzee, yaani skafu, mraba wa blanketi, kitambaa cha kuoshea vyombo, huhesabiwa kuwa vitu vya kumpotezea muda tu. Naona historia inasema kinyume. Kazi za namna hiyo ndizo zilizoubeba ufumaji kwa karne nyingi, na wazee walikuwa wafanyakazi wake kamili, hawakukaribishwa mwishoni kwa kuonewa huruma. Wepesi wake ulitokana na mazingira ya kazi yenyewe: ilibidi ifumike gizani, njiani, na mbele ya macho yaliyochoka. Tena ilikuwa na mwenyewe, mtu aliyeisubiri miguu ikimpiga baridi.

Ushahidi wa kale unatoka Misri. Soksi nyekundu zilizochimbuliwa Oxyrhynchus, zenye kidole gumba kilichotengwa ili zivalike na kandambili, ni za kati ya karne ya 3 na ya 5, na ziko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Mara nyingi hutajwa kuwa mwanzo wa ufumaji, lakini zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, na hiyo ni kazi nyingine. Ufumaji wenyewe tunaukuta baadaye, kwenye soksi za pamba za buluu na nyeupe za Misri ya Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14. Ustadi huo ulifika Hispania. Katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki 1275 na kuzikwa Las Huelgas, Burgos, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi vidogo mno, wenye maandishi ya Kiarabu pembezoni. Mto huo ni hoja nzuri dhidi yangu, na haiko peke yake: karne kadhaa baadaye, katika miji ya Ujerumani na Alsace, kijana aliyetaka kukubaliwa na chama cha mafundi wafumaji alidaiwa zulia la ukutani lenye maua na wanyama. Basi je, si kazi ngumu ndiyo historia halisi ya fani hii? Ni historia ya makaburi ya kifalme na mitihani ya mafundi. Watu walivaa soksi na kofia, zikatoboka, zikatupwa, ndiyo maana soksi za wakulima ni adimu katika majumba ya makumbusho.

Uzito wa soksi na kofia hizo unaonekana kwenye sheria. Mwaka 1571 Bunge la Uingereza liliamuru kila mtu wa tabaka la kawaida aliyezidi miaka 6 avae kofia ya sufu iliyofumwa nchini siku za Jumapili na sikukuu, ili kulinda riziki za watengenezaji wake. Sheria ilifutwa 1597, kwani hata enzi hizo haikuwa rahisi kumlazimisha mtu kofia asiyoitaka. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo kupitishwa, mji wa Norwich ulikuwa umeandikisha maskini wake, na katika orodha hiyo wamo wanawake wakongwe, wajane wengi kati yao, waliokuwa bado wakijitafutia mkate kwa kusokota na kufuma. Mwaka 1589 William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth alimnyima hataza kwa kuhofia njaa ya wafumaji wa mikono. Hata kama kisa hicho kimetiwa chumvi, kinaonyesha watu walivyojua kwamba nyuma ya soksi ya bei rahisi kulikuwa na umati wa watu wasio na kazi nyingine.

Jinsi umati huo ulivyofanya kazi ndilo jambo la kuangaliwa kwa makini. Katika mabonde ya Yorkshire, hasa Dent, wanaume, wanawake, watoto na vikongwe walifuma kwa kasi iliyowashangaza wageni, na mshairi Robert Southey akawaandika. Walivaa kijiti cha mbao kiunoni chenye tundu la kushikia sindano ya kulia, mkono ukabaki huru kusukuma uzi, na uzito wa kazi ukabebwa na mkanda badala ya kiganja. Jioni za baridi majirani walikusanyika nyumba moja ili kutumia moto mmoja, wakafuma huku wakiimba na kusimuliana hadithi, bila mwanga wa maana. Katika visiwa vya Shetland, huko Scotland, wanawake walivaa mkanda wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi kwa kazi hiyohiyo, wakafuma njiani huku wamebeba mgongoni piti, ule udongo mkavu unaochomwa badala ya kuni. Kazi ya namna hii haivumilii pambo la kuhesabiwa. Hutaka kitanzi kilekile, ambacho vidole vinakijua bila jicho, na ambacho ukikiacha kwenda kuonja chungu unakirudia palepale. Wapwani hawahitaji kuelezwa sana hapa, kwa maana ndivyo ukili unavyosukwa: bibi yuko barazani, mazungumzo yanaendelea, utepe wa miyaa unarefuka pajani, na siku ukitosha unashonwa kuwa mkeka. Aliyeugawa mkeka katika utepe mwembamba wa kusukwa kidogo kidogo alikuwa amefikiri sana, na hakuna anayeuita ukili kazi ya kitoto.

Hapo msomaji makini atasema ninaremba umaskini. Kweli, wale wazee wa Norwich hawakufuma kwa kuburudika. Huko Shetland mambo yalikuwa mabaya zaidi: wafanyabiashara walichukua shali na soksi wakalipa kwa chai na vitambaa vya dukani badala ya fedha, hadi serikali ikatuma tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake 1872, na ndani yake wafumaji wenyewe wanaeleza walivyoshindwa kupata shilingi mkononi. Siitetei biashara hiyo. Ila tuone dhuluma ilikaa wapi. Ilikaa dukani, kwenye malipo. Wakati bei ya soksi ilipoporomoka na biashara ya mabonde ya Yorkshire ikafa karne ya 19, kilichokufa ni ule ujira mdogo. Ufumaji uliendelea majumbani kwa sababu wajukuu walikuwa bado na miguu.

Kwetu pingamizi huja kwa sura nyingine: kwamba kufuma ni kazi ya kikoloni, iliyoletwa kuwafunza wanawake kukaa nyumbani. Lina msingi. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa Kenya 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni, vilabu vyake vilifundisha mapishi, ushonaji, ufumaji na malezi, na wakati wa Hali ya Hatari, serikali hiyo ilipopambana na uasi, vilitumiwa kuwavuta wanawake upande wa serikali. Lakini wanawake wa Kikuyu na Kikamba waliofundishwa sindano hizo walikuwa tangu zamani wakisuka kiondo huku wakitembea kwenda shambani au sokoni, sawa kabisa na wenzao wa Shetland wasiowajua. Sindano zilikuwa ngeni, ila mwendo wa mikono haukuwa mgeni. Ndiyo maana masharti ya darasani yalisahaulika upesi, na vikabaki vitambaa vya makochi, sweta za watoto wa nyanda za juu, na vikofia vya wachanga. Na kuhusu madai kwamba ni kazi ya kike, wanaume wa kisiwa cha Taquile, ziwa Titicaca huko Peru, ndio wanaofuma kofia zao hadi leo, na UNESCO imeitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote. Sweta la mtumba ni rahisi kuliko uzi wa kufumia sweta hilo, sasa mzee afume kwa nini? Kwa bei, hoja hiyo ilikwishashinda tangu mashine zilipoenea, na sioni faida ya kuibishia. Lakini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, viwanda vikiwa vimejaa mashine, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulisambaza maelekezo ya soksi, skafu na vesti zisizo na mikono, wakafuma wazee, watoto wa shule, hata wanajeshi waliolazwa hospitalini, kwa sababu mahitaji yalikuwepo na mlengwa alijulikana. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuandika kitabu *Knitting Without Tears* mwaka 1971, alikitetea waziwazi kitanzi cha kawaida kinachorudiwa kila mstari, kwenda na kurudi. Koti lake la mtoto mchanga la 1968 limefumwa lote kwa kitanzi hicho, kipande kimoja cha ajabu kisichoeleweka, ambacho kikikunjwa na kushonwa mabegani kinageuka koti. Mbunifu hodari wa zama zake alichagua kitanzi cha wanaoanza, na kitambaa chake hakijikunji pembeni, hunyooka, na kosa dogo halionekani.

Kwa hiyo anayemtafutia mzee kazi ya kufuma angefanya vyema kufuata desturi ya Dent kuliko dhana ya dirishani. Uzi uwe mnene kiasi na wa rangi ya kung'aa, maana mweusi huwachosha hata vijana. Sindano ziwe za mbao au mianzi, ambazo haziponyoki. Kazi iwe ya vipande vifupi, miraba ya kuunganishwa au skafu ya mtoto, ili uzito wake usivute vidole vyenye baridi yabisi. Soksi yenye kisigino mwachie aliyeijua tangu ujanani. Zaidi ya yote, usimpelekee uzi mtupu. Mtajie mwenye kuvaa: mjukuu atakayezaliwa mwezi wa Julai huko Njombe au Limuru, jirani anayelala bila blanketi, wodi ya wachanga iliyo karibu. Kama humwoni mvaaji yeyote, mwulize yeye mwenyewe, kwani huenda anao watatu kichwani na alikuwa anangoja uzi tu.