Tarehe katika Kazi ya Mkereza

Katika mwambao wa Tanga, tangu Mkwaja hata Pangani na Tongoni, habari nyingi za wahenga zimehifadhiwa na mawe na chokaa kuliko wino. Jiwe lilidumu, mti uliliwa na mchwa, na ule uliopona haukusema umri wake. Miguu ya vitanda, misuruaki ya mitalawanda, mabakuli na bakora vilitoka katika kerezo vikapita mikononi mwa vizazi bila ya jina la fundi wala mwaka wa kazi. Kwa hiyo swali hili, dogo kwa kulitazama, lina uzito katika historia: je, yampasa mkereza kutia tarehe katika kazi aliyoimaliza?

Wakataao wana hoja mbili. Ya kwanza ni ya adabu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kazi njema haihitaji maandishi. Ya pili ni ya soko: bakuli lililokosa mnunuzi mwaka huu litaonekana limechacha mwakani, kwani tarehe yake itamshitaki fundi. Hoja hii ya pili ina njaa ndani yake, wala haifai kudharauliwa.

Walakini watu wa pwani hawakuona haya kutaja mwaka. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi katika Mrima wajulikana pamoja na mwaka wake, 1307 wa Hijra, ulioanza Agosti 1889. Ndani ya mwaka huo, tarehe 15 Desemba 1889, Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Ikiwa mwashi na mshairi hawakupungukiwa na adabu kwa kutaja mwaka, mkereza naye hapungukiwi.

Hasara ya kunyamaza ni kubwa. Makaburi ya nguzo ya Tongoni hukisiwa umri kwa vyombo vya kigeni vilivyopachikwa. Lakini bakuli laweza kukaa nyumbani miaka mingi kabla ya kupelekwa kaburini, basi lasema tu kwamba kaburi si la kale kuliko lenyewe. Mti una shida zaidi. Kipimo cha kaboni huonyesha wakati mti ulipoota, si siku patasi ilipougusa. Boriti kuukuu iliyokerezwa upya hudanganya. Tena kwa karne tatu zilizopita kipimo hicho hutoa majibu mengi kwa kipande kimoja. Hapo ndipo mwuzaji mjanja hupata mwanya: hukifukiza moshi chombo cha jana akakiita cha mababu. Mnunuzi hupoteza fedha, na fundi hupoteza sifa.

Hata hivyo tarehe tupu nayo yaweza kupoteza. Kizimkazi pana mwaka mwingine, 1184 wa Hijra, ambao ni wa kujengwa upya. Asomaye huo peke yake huunyang'anya msikiti zaidi ya karne sita. Hapana budi kusema kama kazi ilifanywa au ilitengenezwa tu. Kadhalika mwaka wa Hijra hupungua siku 11 hivi katika mwaka wa jua, na mabaharia na wakulima wa pwani walifuata Nairuzi, mwaka wa siku 365. Tarakimu isiyo na jina la kalenda ni nusu ya habari.

Basi yafaa mkereza atie jina, mahali na mwaka chini ya kitako, kwa herufi ndogo. Hapo uso wa kazi hubaki safi, na mnunuzi hukutana na uzuri kabla ya hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na fundi wa Mkwaja ambaye hana daftari jingine ataacha angalau hilo, lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.