Mafuriko nchini Australia: kuijua hatari ya mtaa wako na kuisoma bima ya nyumba

Mwenye nyumba nchini Australia ana maswali mawili ya kujibu kabla mvua kubwa hazijaanza. La kwanza, je, maji yanaweza kufika mlangoni pake? La pili, yakifika, mkataba wake wa bima unayaita maji hayo jina gani? Swali hili la pili huonekana dogo, lakini ndilo lililowaacha wengi bila fidia baada ya mafuriko ya Queensland ya Januari 2011.

Wengi wa wasikilizaji wetu wanayafahamu mafuriko tangu walikotoka. Aliyeishi Dar es Salaam anaijua Jangwani na Mto Msimbazi. Aliyetoka Uvira atakumbuka Mto Mulongwe ulivyovunja kingo zake Aprili 2020, na waliotoka Bujumbura wameliona Ziwa Tanganyika likiifuata Gatumba. Huko, anayetaka kujenga huwauliza wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Huku ugenini swali ni lile lile, ila anayeulizwa ni halmashauri, na jibu huja kwa ramani na asilimia.

Asilimia moja si jambo dogo

Ramani nyingi za mafuriko nchini humu huchorwa kwa kipimo kinachoitwa mafuriko ya mara moja katika miaka 100. Jina hilo limepotosha watu wengi. Halisemi kwamba maji yakija mwaka huu hayatarudi mpaka karne ipite. Maana yake ni kwamba kila mwaka upo uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufikia kimo hicho au kukipita, na mwaka unaofuata hesabu huanza upya. Anayechukua mkopo wa nyumba wa miaka 30 katika eneo hilo ana uwezekano wa takriban asilimia 26, yaani zaidi ya mmoja katika wanne, wa kuyaona maji hayo kabla hajamaliza deni.

Brisbane ni mfano mzuri. Mto wake ulifurika vibaya Januari 1974, ukafika mita 5.45 katika kipimo cha katikati ya jiji. Baadaye likajengwa bwawa la Wivenhoe, na watu wengi wakaamini kwamba habari ya mafuriko imekwisha. Januari 2011 maji yalifika mita 4.46, na Februari 2022 yakafika mita 3.85. Bwawa hupunguza maji yanayotoka juu yake. Haliwezi kuyazuia yale yanayoingia mtoni chini yake, kama yale ya kijito cha Lockyer na ya Mto Bremer unaopita Ipswich.

Lismore, kaskazini mwa New South Wales, ilikuwa na tuta la kuulinda mji, na tuta hilo lilikwisha kupitwa na maji mwaka 2017. Watu wakajifunza kupandisha vyombo kwa kufuata alama za mafuriko ya zamani zilizochorwa ukutani. Kimo cha juu kilichowahi kurekodiwa kilikuwa mita 12.27, mwaka 1954. Tarehe 28 Februari 2022 Mto Wilsons ulifika mita 14.4. Waliokuwa wamehifadhi mali kwenye ghorofa ya juu, juu ya alama za baba zao, waliokolewa kwenye mapaa kwa mashua za majirani.

Magharibi mwa Sydney, ambako jamaa zetu wengi wananunua nyumba, kuna bonde la Hawkesbury na Nepean. Mito kadhaa humwaga maji humo, lakini njia ya kutokea ni makorongo membamba ya mawe. Maji huingia upesi na kutoka polepole, kama beseni lenye tundu dogo. Julai 2022 maji yalikaribia mita 14 mjini Windsor. Mwaka 1867 yalipita mita 19. Aliyeona mwaka 2022 maji yakiishia nje ya uzio wake hajauona mto huo ukiwa katika kimo chake kikubwa.

Pa kuuliza kabla ya kununua

Pa kuanzia ni tovuti ya halmashauri ya eneo lako. Jiji la Brisbane hutoa bila malipo taarifa ya mafuriko ya kila kiwanja, iitwayo FloodWise, yenye kimo cha maji yanayotarajiwa na kimo cha ardhi. New South Wales, mkataba wa mauzo huambatana na cheti cha mipango miji, kinachojulikana kwa namba 10.7. Humo husemwa kama kiwanja kina masharti ya ujenzi yanayotokana na mafuriko. Wanunuzi wengi hukipitisha cheti hicho kwa wakili bila kukisoma. Mwombe wakili akifungue ukurasa wa mafuriko na kukueleza kwa maneno mepesi.

Yapo mambo mawili ambayo ramani haiyasemi kwa urahisi. Mojawapo ni maji yanayokimbia juu ya ardhi baada ya mvua ya ghafla, kabla hayajaingia kwenye mto wowote. Nyumba iliyo mbali na mto, juu ya kilima hata, inaweza kuwa katika njia yake. Wakazi wa Toowoomba, mji ulio juu ya safu ya milima, waliyaona maji hayo yakibeba magari katikati ya mji tarehe 10 Januari 2011. Jingine ni kimo cha sakafu. Nyumba mbili za kiwanja kimoja, moja juu ya nguzo na nyingine chini, hazina hatari sawa, na kampuni ya bima huenda isijue mpaka uiambie.

Halafu iko njia ambayo wengi huisahau: omba bei ya bima kabla ya kutia saini. Kampuni za bima zina takwimu zao za mafuriko kwa kila anwani. Bei ikikushtua, au kampuni mbili tatu zikikataa kabisa kubeba mafuriko, umepata habari ambayo dalali wa nyumba hakukupa.

Mafuriko ni nini machoni pa sheria

Kiswahili chetu hakina taabu katika jambo hili: maji yakijaa ndani ya nyumba, ni mafuriko. Sheria ya bima haioni hivyo. Mwaka 2011 kila kampuni ilikuwa na tafsiri yake. Mvua iliyoanguka juu ya paa ilikuwa dhoruba, na dhoruba ililipwa. Maji yaliyotoka mtoni yalikuwa mafuriko, na mikataba mingi ilikuwa imeyaondoa. Majirani wa mtaa mmoja, waliolowa usiku mmoja, walipata majibu tofauti, na wataalamu wa maji wakatumwa kupima ni maji gani yalitangulia kuingia.

Malalamiko yale yalizaa marekebisho ya sheria mwaka 2012. Tangu hapo pana tafsiri moja katika mikataba ya bima ya nyumba na ya vyombo vya ndani. Mafuriko ni maji yanayofunika ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu, baada ya kutoka au kuachiliwa kutoka katika mipaka yake ya kawaida katika ziwa, mto, kijito au mkondo mwingine wa asili, hata kama umebadilishwa na watu, au katika hifadhi ya maji, mfereji au bwawa.

Tafsiri ni moja, lakini sheria haikuzilazimisha kampuni kuyabeba mafuriko. Baadhi huyaweka ndani ya mkataba, wengine humruhusu mteja kuyaondoa ili bei ishuke, na wengine hawayabebi. Kwa hiyo mkataba unaosema unalinda dhidi ya dhoruba na maji ya mvua hauhesabiki kuwa bima ya mafuriko. Benki iliyokukopesha inaweza kukutaka uwe na bima ya jengo, na bado mafuriko yasiwemo. Kila kampuni hutakiwa kutoa karatasi fupi ya mambo muhimu. Anza na karatasi hiyo, kisha usome mkataba wenyewe penye neno mafuriko, penye dhoruba na penye bahari. Maji ya bahari yanayoinuliwa na dhoruba mara nyingi huwa na kifungu chake, na mara nyingi kifungu hicho ni cha kukataa.

Hesabu za mkataba

Kiasi cha bima ya jengo ni gharama ya kulijenga upya, pamoja na kuondoa vifusi na kutimiza kanuni mpya za ujenzi. Bei ya sokoni ina thamani ya ardhi ndani yake na haifai kwa hesabu hii. Baada ya maafa makubwa mafundi huadimika na vifaa hupanda bei, hivyo kiasi kilichotosha miaka mitano iliyopita huweza kupungua sana. Angalia pia sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Kuiongeza hushusha ada ya mwaka, lakini jiulize kama utaipata fedha hiyo wiki ambayo huna hata godoro.

Usingoje tangazo la mvua. Mikataba mingi mipya hailipi mafuriko yanayotokea ndani ya saa 48 au 72 za mwanzo, isipokuwa umehama kutoka bima nyingine bila kukatika au ndiyo kwanza umenunua nyumba. Ukigundua mkataba haukufai, una angalau siku 14 za kuufuta na kurudishiwa ada, mradi hujadai kitu.

Anayemiliki nyumba ndani ya jengo la ghorofa lenye umiliki wa pamoja aulize uongozi wa jengo bima yao inabeba nini, kwa kuwa jengo hulipiwa bima na wamiliki wote kwa pamoja. Vyombo vyake ni juu yake. Mpangaji naye hana haja ya kulipia jengo, lakini bima ya mwenye nyumba haitamrudishia kitanda wala jokofu.

Kwa baadhi ya familia tatizo ni bei yenyewe. Tangu Julai 2022 serikali kuu ina mfuko wa kuzibeba kampuni za bima katika hasara za vimbunga, pamoja na mafuriko yanayoletwa na kimbunga, tangu kinapoanza hadi saa 48 baada ya kwisha. Mafuriko ya mto yaliyotokana na mvua za kawaida hayamo, na mvua zilizoizamisha Lismore hazikuwa za kimbunga. Kinachobaki ni kupunguza hatari yenyewe: kuinua nyumba, kupandisha swichi na mitambo ya umeme, kuweka sakafu isiyooza. Queensland na New South Wales zilianzisha baada ya 2022 mipango ya kuinua nyumba, kuzikarabati au kuzinunua ili wenyewe wahame. Ukifanya kazi kama hiyo, ipelekee kampuni picha na risiti na uombe bei ifikiriwe upya. Mji mdogo wa Grantham, ambako watu 12 walifariki mwaka 2011, ulikwenda mbali zaidi. Halmashauri ilinunua ardhi mlimani, na wakazi wakabadilishana viwanja.

Maji yakisha kuingia

Usirudi ndani kabla ya kuruhusiwa, na usiguse umeme. Piga picha kila chumba, alama ya maji ukutani na namba za vifaa, na uandike saa maji yalipoingia, yalitokea upande gani na yalikuwa ya rangi gani. Maandishi hayo yatakufaa kukizuka ubishi kati ya dhoruba na mto. Zulia lililolowa laweza kutupwa kwa ajili ya afya, lakini likipigwa picha kwanza na kipande chake kuhifadhiwa. Ukarabati wa kudumu usianze bila ridhaa ya kampuni. Ukipewa fedha taslimu badala ya matengenezo, usikubali kabla ya kupata makadirio ya fundi wako, maana fedha zikipungua katikati ya kazi, pengo ni lako.

Kwa kanuni za sekta, kampuni inapaswa kuamua dai ndani ya miezi 4, ingawa katika hali za pekee muda huongezwa. Mwaka 2024 kamati ya Bunge iliyochunguza madai ya mafuriko ya 2022 ilitoa ripoti kali kuhusu ucheleweshaji na mawasiliano mabovu, kwa hiyo anayelalamika halalamiki peke yake. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na ripoti ya mtaalamu wa maji iliyotumika. Peleka lalamiko rasmi kwa kampuni, ambayo ina siku 30 za kujibu. Usiporidhika, nenda AFCA, chombo huru cha malalamiko ya kifedha. Hakimtozi mteja hata senti, na kampuni hufungwa na uamuzi wake ukiukubali wewe.

Serikali kuu huweza kutangaza malipo ya mara moja kwa waathirika wa maafa fulani, dola 1,000 kwa mtu mzima na dola 400 kwa mtoto. Hayo ni ya chakula na malazi ya siku za mwanzo.

Kwa msaada wakati wa mafuriko na dhoruba piga 132 500, na maisha yakiwa hatarini 000. AFCA wanapatikana kwa 1800 931 678. Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili apige 131 450 na kutaja ofisi anayotaka kuunganishwa nayo.